Gamba la Kobe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika maelezo haya "kobe" ni jina la jamii nzima, wa nchi kavu na wa majini. Tunapomtaja wa baharini peke yake, tunamwita kasa.

Je, kobe anaweza kutoka ndani ya gamba lake?

Hawezi. Katuni zinazomwonyesha akivua gamba na kubaki uchi zimetudanganya vya kutosha. Gamba ni mifupa yake mwenyewe. Ukipata gamba tupu la kobe aliyekufa, ligeuze ulitazame kwa ndani: katikati utaziona pingili za uti wa mgongo zimepangana kuelekea mkiani, zimeshikamana na dari. Kutoka kwenye pingili hizo mbavu zinatanda kwenda pembeni, kila mmoja ukiishia kumezwa na mfupa bapa. Kumtoa kobe humo ni kumng'oa uti wa mgongo.

Wapo kaa wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kuyahama wakinenepa. Kobe hana hiari hiyo. Amezaliwa nalo, na litakua naye hadi mwisho.

Limeundwa na nini hasa?

Lina sehemu mbili kubwa: gamba la mgongoni, ambalo limebinuka, na gamba la tumboni, ambalo kwa kawaida ni bapa. Hukutana ubavuni, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, kwenye kipande kinachoitwa daraja.

Tabaka la chini ni mfupa. Kwa kobe wengi, gamba la mgongoni lina mifupa ipatayo 50: safu ya mifupa midogo juu ya uti wa mgongo, jozi nane za mifupa mipana iliyojengeka kwenye mbavu, kisha mifupa ya ukingo inayozunguka pembeni. Gamba la tumboni lina tisa. Ile ya mbele kabisa ilianza kama mitulinga, na iliyobaki inadhaniwa kutokana na mbavu za tumboni, aina ya mifupa ambayo mamba bado anayo.

Tabaka la juu ni vibamba vya keratini, protini ileile inayojenga kucha, pembe na nywele. Rangi na michoro inayompendeza mtazamaji iko kwenye vibamba hivi. Hesabu ya kawaida mgongoni ni 38: vitano katikati, jozi nne za ubavuni, jozi 12 za ukingoni, na kimoja kidogo juu ya shingo. Tumboni huwa 12. Spishi hutofautiana, na tofauti hizo zina faida kwa wanaohifadhi kasa. Kasa wa kijani ana jozi nne za vibamba vya ubavuni na duvi, kasa wa aina nyingine, ana tano, kwa hiyo aliyekutwa ufukoni hutambuliwa kwa kuhesabiwa, hata kama rangi imefunikwa na mwani.

Mbona mistari ya vibamba haifuati mistari ya mifupa?

Kwa sababu ingekuwa hatari. Fundi mwashi hapangi tofali mshono juu ya mshono, na gamba nalo limejengwa hivyo: mahali vibamba viwili vinapokutana, chini yake aghalabu kuna mfupa mzima, na mahali mifupa miwili inapokutana, juu yake kuna kibamba kizima. Ufa ukianza juu hauna njia iliyonyooka ya kushuka.

Mishono ya mifupa nayo si mistari iliyonyooka. Ni meno madogo yaliyoumana kwa mtindo wa kwenda na kurudi, na katikati yake kuna tishu laini. Gamba likibanwa kidogo, mishono hulegea kiasi na kobe anaweza kupumua na kusogea. Likipigwa kwa nguvu, meno hubanana na gamba lote hukaza. Mfupa wenyewe ni mgumu juu na chini, ila katikati una vitundu kama sponji, na hapo ndipo sehemu kubwa ya nguvu ya pigo hufia.

Mabega ya kobe yako wapi?

Ndani ya mbavu. Soma tena ukipenda, kwa kuwa hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliyepangwa hivi. Jiguse: fupa la bega lako liko nje ya mbavu, mgongoni. La kobe liko chini ya mbavu, limefungiwa ndani pamoja na mapafu.

Jibu la fumbo hili linaonekana kwenye kiinitete, ndani ya yai. Mwanzoni mabega na mbavu ziko mahali pa kawaida. Kisha ukingo mnene wa ngozi hujitokeza ubavuni pande zote mbili. Badala ya kuinama kuelekea kifuani, mbavu hukua kwenda pembeni zikielekea ukingo huo, huku ukuta wa mwili ukijikunja kuelekea ndani. Mbavu zinapotanda juu kama dari, mabega hujikuta yamefunikwa. Baadaye mfupa huanza kujaza nafasi kati ya ubavu na ubavu.

Ndiyo sababu kobe mchanga aliyetoka kuanguliwa ana gamba linalobonyea ukilibinya: mifupa bado haijafungana. Basi usilibinye.

Gamba lilianza lini, na lilianza kwa ajili gani?

Mabaki ya kale yanasimulia hatua kwa hatua. Nchini Afrika Kusini alipatikana mnyama aliyeishi miaka milioni 260 hivi iliyopita, Eunotosaurus. Hakuwa na gamba, lakini mbavu zake zilikuwa pana kupita kiasi. Nchini China, mwaka 2008, ulichapishwa ugunduzi wa Odontochelys wa miaka milioni 220 hivi iliyopita, mwenye gamba kamili la tumboni, mgongo usiofunikwa, na meno mdomoni. (Kobe wa leo hana meno, ana mdomo mgumu wa keratini.) Muda si mrefu baadaye, kwa kipimo cha jiolojia, anatokea Proganochelys wa Ujerumani, naye ana gamba juu na chini.

Kuhusu sababu, wengi tungejibu haraka kwamba ni kinga. Tatizo ni kwamba mbavu pana hazikulindi sana kabla hazijaungana, na wakati huohuo zinakugharimu: zinafanya kifua kiwe kigumu, zinakupunguzia mwendo na zinatatiza upumuaji. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lilitoa hoja kwamba mbavu za Eunotosaurus zilipanuka kwa sababu ya kuchimba, kwani mwili mgumu humpa mchimbaji egemeo la miguu ya mbele, na mikono ya mnyama huyo ilikuwa na nguvu za mchimbaji. Kinga ilikuja baadaye. Mimi naiona hoja hii kuwa na mantiki kuliko ile ya zamani, ingawa mjadala haujafungwa.

Kama mbavu zimegandamana, kobe anapumuaje?

Wewe ukivuta pumzi, mbavu zako hupanda na kifua hutanuka. Kobe hana nafasi hiyo hata kidogo. Mapafu yake yamebandikwa chini ya dari ya gamba, na viungo vingine vya ndani viko chini yake. Kuna misuli iliyotanda kama mkanda mpana kuzunguka viungo hivyo. Misuli ya kundi moja ikijikunja, viungo husukumwa juu, mapafu hubanwa na hewa hutoka. Ya kundi la pili ikijikunja, nafasi ya ndani huongezeka na hewa huingia. Miguu nayo husaidia. Mtazame kobe aliyetulia: ngozi laini kati ya shingo na mguu wa mbele hubonyea na kurudi polepole. Hapo anapumua.

Ule mlio wa "hsss" unaosikika ukimshtua, watu huudhania kuwa ni hasira. Mara nyingi ni hewa tu. Akivuta kichwa na miguu ndani kwa ghafla, nafasi ndani ya gamba hupungua na pumzi hufukuzwa nje.

Anahisi ukimgusa gambani?

Anahisi. Keratini ya juu haina mishipa, lakini chini yake kuna tishu hai na mfupa wenye damu na neva. Ukilikwaruza gamba taratibu, kobe wengi watageuka au kutikisa makalio, na wapo wanaoonyesha kulifurahia jambo hilo. Ukilipiga, anapata maumivu.

Gamba lina kazi nyingine zaidi ya kinga?

Linazo, na mojawapo inashangaza kuliko kinga yenyewe.

Kuna kobe wa majini wa Amerika Kaskazini, mdogo, mwenye michoro myekundu na ya njano, ambaye kwa Kilatini huitwa Chrysemys picta. Majira ya baridi humkuta chini ya ziwa lililofunikwa na barafu. Hawezi kupanda juu kuvuta hewa, na maji yanaweza kuishiwa oksijeni kabisa. Katika maabara, kwenye maji ya nyuzijoto 3 hivi, kobe hawa wameishi zaidi ya miezi mitatu bila oksijeni. Mwili huo unajiendesha kwa kuvunja sukari bila oksijeni, na taka ya kazi hiyo ni asidi ya laktiki, ileile inayojaa kwenye misuli ya mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote. Kwa mnyama mwingine damu ingekuwa chachu hadi moyo ukasimama.

Gamba ndilo linalomwokoa, kwa njia mbili. Kwanza, mifupa yake huachia kalsiamu na magnesiamu pamoja na kaboneti, ambayo hupambana na asidi kwenye damu. Pili, gamba hufyonza sehemu kubwa ya laktiki na kuihifadhi ndani ya mfupa hadi masika, kobe atakapopanda juu, avute hewa na kuisafisha. Donald Jackson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alitumia miaka mingi kuichunguza kazi hii. Ushahidi mwingine unatoka kwa kobe wa gamba laini, wenye mfupa mchache: wao hali kama hiyo huwashinda mapema zaidi.

Kazi nyinginezo ni za kawaida. Gamba la rangi nzito hunyonya joto kobe anapoota jua, ni ghala la kalsiamu ambayo jike huichota wakati wa kutengeneza mayai, na michoro yake humficha kwenye majani.

Kobe wote wanaweza kujificha ndani ya gamba?

Hapana. Kasa hawawezi kabisa. Vichwa na makasia yao hubaki nje maisha yote, kwa kuwa gamba lao limechongwa kwa ajili ya kuogelea. Kobe wanaoitwa wang'ataji, wa Amerika, wana gamba la tumboni dogo sana kiasi kwamba nyama imebaki wazi, na pengine ndiyo maana wana ukali ule.

Wanaojificha nao wana mitindo yao. Kundi moja hurudisha kichwa moja kwa moja nyuma, shingo ikijikunja kwa wima. Kundi jingine, la nusu ya kusini ya dunia, hulaza shingo upande, chini ya ukingo wa gamba, na jicho moja hubaki likichungulia.

Kisha wako wenye bawaba. Kobe-boksi wa Amerika ana bawaba katikati ya gamba la tumboni. Huinua nusu ya mbele na ya nyuma hadi akafunga kila upenyo. Kobe wa jenasi ya Kinixys, wa Afrika, wameipeleka bawaba mgongoni: sehemu ya nyuma ya gamba hushuka na kufunika miguu na mkia. Wakiwa wachanga hawana, huipata wanapokua.

Kwa nini maumbo yanatofautiana kiasi hicho?

Kila umbo ni bei iliyolipwa kwa maisha fulani. Kuba refu ni gumu kwa mnyama kulipata kwa taya. Bapa huteleza majini.

Kobe bapa wa Afrika Mashariki, Malacochersus tornieri, ameacha karibu kila kanuni ya jamaa zake. Gamba lake lina kimo cha sentimita tatu hivi tu, mifupa yake ina matundu makubwa, na ukimshika unahisi tumbo likinepa mkononi. Akitishwa hajifichi ndani ya gamba. Anakimbia, tena kwa kasi inayowashangaza wasiomjua, anajipenyeza kwenye ufa wa mwamba, anajikaza kwa miguu, na hapo kumtoa ni shughuli.

Visiwani Galápagos kuna kobe wakubwa wa maumbo mawili. Kwenye visiwa vyenye nyanda za juu zenye unyevu na majani tele, gamba ni la kuba. Kwenye visiwa vikavu, ambako chakula kiko juu kwenye mipungate, ukingo wa mbele umeinuka kama tandiko la farasi ili shingo ndefu ipande. Mwaka 1835, Charles Darwin alipofika huko, kaimu gavana Nicholas Lawson alimwambia kwamba akimwona kobe anaweza kusema ametoka kisiwa gani. Darwin mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni hakulitilia maanani.

Kobe akipinduka anaweza kujigeuza?

Inategemea umbo. Wenye gamba bapa hutumia shingo ndefu kujisukuma kutoka ardhini. Wenye kuba refu wana shingo fupi, lakini kuba lenyewe huwasaidia kubingirika wakirusha miguu kidogo. Mwaka 2006 Wahungari wawili, Gábor Domokos na Péter Várkonyi, waliunda umbo linaloitwa gömböc, ambalo hata ukiliwekaje hurudi kusimama pale pale, bila uzito uliofichwa ndani. Baadaye walipima magamba ya kobe na kukuta kwamba kobe-nyota wa India amekaribia sana umbo hilo.

Wanaopata shida ni wale wa katikati, na wakubwa wenye uzito. Kobe aliyelala chali kwenye jua kali anaweza kufa kwa joto, na mapafu yake hulemewa na viungo vilivyo juu yake. Ukimkuta hivyo, mgeuze.

Kuna kobe wasio na vibamba?

Ndiyo. Kobe wa gamba laini wamefunikwa na ngozi tu. Noa, kasa mkubwa kuliko wote walio hai, amefika mbali zaidi: gamba lake la mgongoni ni maelfu ya vifupa vidogo vilivyopangwa chini ya ngozi yenye mafuta, na matuta saba yanayokwenda kwa urefu. Noa huzamia zaidi ya mita 1,000, ambako mgandamizo wa maji ni mkubwa mno, na gamba linalonepa linamfaa huko kuliko gumu.

Nikihesabu duara za kwenye kibamba nitajua umri wake?

Hutajua kwa uhakika. Duara hutokea kibamba kinapokua kwa vipindi. Kwa kobe mchanga wa mahali penye majira yanayotofautiana sana, hesabu inaweza kukaribia ukweli. Lakini mwaka mmoja wa neema unaweza kuacha duara mbili au tatu, na kwa mzee duara husuguliwa hadi kibamba kikawa laini. Zaidi ya hapo, kobe wengi wa majini hubandua vibamba vya zamani, kwa hiyo kinachohesabiwa hakipo tena.

Hata hivyo keratini hutunza kumbukumbu za aina nyingine. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha mabaki ya urani kwenye vibamba vya kobe na kasa waliotoka maeneo yaliyowahi kuwa na shughuli za nyuklia.

Dume na jike wana magamba tofauti?

Mara nyingi. Kwa kobe wengi wa nchi kavu, gamba la tumboni la dume limebonyea kuelekea ndani ili aweze kumpanda jike bila kuteleza. La jike ni bapa, na upenyo wa nyuma ni mpana kwa ajili ya mayai.

Kuna mnyama anayeweza kulivunja?

Jaguar wa Amerika ana taya za kutosha. Mamba pia. Tai wa dhahabu wa Ugiriki hutumia akili: humbeba kobe juu na kumwachia kwenye miamba. Kuna hekaya kwamba mwandishi wa tamthilia Aeschylus alikufa mwaka 456 KK baada ya tai kudondosha kobe juu ya upara wake akidhani ni jiwe. Kifo chenyewe hakina ushahidi. Tabia ya tai ni ya kweli.

Gamba la kobe wangu limeota vilima. Ni chakula?

Si lazima. Kwa muda mrefu lawama zote ziliangukia protini. Utafiti wa mwaka 2003 kwa kobe wachanga wa Afrika aina ya sulcata ulionyesha kwamba ukavu wa hewa una athari kubwa kuliko protini: waliolelewa penye unyevu walikua na magamba yasiyo na vilima. Vilima vikishatokea havirudi chini. Kinachowezekana ni ukuaji unaofuata kuwa sawa.

Gamba linalobonyea kwa kobe aliyekwisha kukua ni jambo jingine, tena zito. Mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu, au wa mionzi ya urujuanimno ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini D3. Kumweka dirishani hakusaidii, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote inayohitajika.

Gamba likipasuka litapona?

Linaweza, kwa kuwa ni mfupa hai, ila polepole: miezi, pengine miaka. Kumbuka kwamba chini ya gamba la mgongoni kuna mapafu. Funika ufa kwa kitambaa safi au bandeji, mweke mahali pakavu penye joto la wastani, usimtie majini hata kama ni wa majini, na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usiupake gundi. Gundi hufungia vijidudu ndani, na daktari atalazimika kuibandua kwanza.

Naweza kulipaka rangi au kulitoboa ili nimtambue?

Usifanye lolote kati ya hayo. Rangi huzuia mionzi ya jua na inaweza kuwa na kemikali zinazopenya, na tundu ni jeraha kwenye mfupa. Watafiti wanaochonga alama ndogo ukingoni hufanya hivyo kwa vibali na kwa utaratibu maalumu. Piga picha ya gamba la tumboni, kwenye mwanga mzuri, kila mwaka. Kwa spishi nyingi zenye michoro, kila kobe ana wake.